Kivuko cha zebra cha rangi tupu hakimpunguzi dereva mwendo

Kabla ya kuchora chochote mbele ya shule, pima mwendo. Weka alama mbili kando ya barabara, mita 50 kati yake, ushike simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Gari likizimaliza chini ya sekunde 6 limevuka kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3.6 liko kwenye 50, mwendo ambao sheria ya Tanzania inauruhusu maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo, sekunde moja tu ya dereva kushtuka inakula karibu mita 14 kabla breki haijaguswa.

Kinachofanya kazi ni kivuko kilichoinuliwa: tuta bapa, kimo milimita 75 hadi 100, juu kuna upana wa mita 4 au zaidi, mteremko wa mita moja hadi moja na nusu upande gari linakotokea na linakoelekea, kisha zebra inachorwa juu yake. Mtoto anavuka akiwa juu, anaonekana, na mwenye baiskeli anapita bila kushuka.

Linaloharibu kazi mara nyingi ni maji. Fundi anajenga tuta ukingo hadi ukingo bila kuyapa njia, mvua inanyesha, dimbwi linatuama upande wa juu, lami inaanza kumung'unyuka. Watoto nao hawakanyagi dimbwi wakiwa na viatu vya shule. Wanalizunguka na kuvukia pasipo kivuko. Ukiacha upenyo wazi pembeni ili maji yapite, bodaboda watapita humo humo. Laza bomba chini ya tuta, au mfereji wenye mfuniko, na hakikisha unasafishwa kabla ya masika.

Njia ya miguu ilindwe kwa vigingi vya zege, sentimita 120 hadi 150 kati yake. Gari halipenyi, kiti cha magurudumu kinapita. Pikipiki itapenya pia, hilo tusijidanganye.

Na lango? Likifunguka moja kwa moja barabarani, kengele ikilia watoto wanamwagika kwenye lami. Lihamishie mtaa wa pembeni ikiwezekana. SARSAI, mpango wa usalama barabarani kandokando ya shule wa shirika la Amend, ulioanzia Dar es Salaam na kupata tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI mwaka 2019, umehamisha hata malango. Isipowezekana, lirudishe ndani mita 5 wapate pa kusubiri.

Ujue mapema barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Kibali kinatoka huko. Mwezi baada ya ujenzi, pima tena mita zile zile 50. Magari yakiwa bado chini ya sekunde 6, mteremko umelazwa mno: ufupishwe.