“Kisiwa chenyewe kidogo, usafiri wa nini?”

Mgeni anafungua ramani kwenye simu, anaona kisiwa kina urefu wa kilomita saba au kumi, anaifunga. Usafiri atajua huko huko. Siku ya kuondoka ndiyo unamkuta anakimbia kuelekea gatini, begi mgongoni, viatu mkononi, na boti imeshang'oa nanga. Inaniuma kuona likizo ya mtu aliyejinyima mwaka mzima ikiharibika hivyo, kwa sababu mengi yanayowakwamisha watu visiwani yanatokana na mambo waliyoyaamini kabla hata ya kufunga mizigo.

Dhana: Kisiwa kidogo unakimaliza kwa miguu au kwa baiskeli

Ukweli ni kwamba inategemea kisiwa kimezaliwaje. Visiwa vya matumbawe huwa tambarare. Gili Trawangan, Indonesia, hakina magari wala pikipiki. Watu wanatumia miguu, baiskeli na vigari vya farasi, na mzunguko wake wote ni kama kilomita saba. Hapo dhana hii inasimama vizuri tu.

Visiwa vya volkano ni habari nyingine kabisa, maana vile ni milima iliyochomoza baharini. Chukua Saba, kule Karibiani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 13, lakini kilele chake kinapita mita 850. Wahandisi walipoulizwa kuhusu barabara walisema haiwezekani. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akajisomea uhandisi kwa njia ya posta, na wakazi wakaanza kuijenga mwaka 1938. Gari la kwanza lilifika 1947, na barabara ikakamilika 1958. Miaka 20 kwa kisiwa ambacho kwenye ramani unakifunika kwa kidole! Baiskeli ya kukodi ya gia moja haikufikishi mbali pale.

Kuna na vya katikati. La Digue, Shelisheli, ni kisiwa cha baiskeli hasa, na ufukweni unateleza tu. Lakini njia ya kwenda Grand Anse ina vilima, na kupanda kilima saa saba mchana kwenye jua la tropiki si sawa na kukipanda saa moja asubuhi. Kabla ya kukodi chochote, tazama kwanza ramani yenye mistari ya mwinuko. Kilomita pekee hazikuambii kitu.

Dhana: Boti ina saa zake, kama basi

Hii ndiyo inayowaliza wengi. Feri kubwa inayotia nanga kwenye kina kirefu, sawa, ina ratiba. Lakini boti ndogo zinazoshusha watu ufukweni, hasa penye mwamba wa matumbawe, zinafuata maji. Maji yakitoka, boti inabaki mbali kule na wewe unashuka majini hadi magotini, mzigo kichwani, ukipapasa kwa unyayo usije ukakanyaga shokomzoba, yule mnyama wa baharini mwenye miiba. Wavuvi wanaijua vizuri tofauti ya bamvua na maji mafu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana; katikati ya hapo ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne. Karibiani, sehemu nyingi haifiki hata nusu mita, kwa hiyo mgeni aliyezoea kule hushangaa sana akija huku.

Kitu cha kushika ni hiki: maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Boti iliyokuleta Jumatatu saa tatu asubuhi, Alhamisi huenda ikaondoka karibu saa tano na nusu. Usimuulize nahodha “huwa mnaondoka saa ngapi?” Muulize “keshokutwa mnaondoka saa ngapi?” na utapata jibu tofauti.

Kisha kuna upepo. Asubuhi bahari mara nyingi hutulia kuliko alasiri, na msimu wa kusi unaweza kukusimamishia safari siku nzima. Usipange kuvuka bahari na kupanda ndege ya kimataifa siku moja. Lala usiku mmoja upande wenye uwanja.

Dhana: Nikishatua, nimefika

Uwanja wa Lamu uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo ukishuka kwenye ndege bado unavuka kwa boti. St. John, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, hakina uwanja kabisa. Maldives ndiko kunakouma zaidi: ndege zinazotua majini huruka mchana tu, kwa kuwa rubani anahitaji kuuona uso wa bahari. Ukitua Malé jioni na hoteli yako inafikiwa kwa ndege hiyo, utalala karibu na uwanja upende usipende. Angalia saa ya kutua kabla ya kulipia tiketi, si baada.

Dhana: Skuta ndiyo rahisi kuliko vyote, na leseni ya gari inatosha

Skuta ni nzuri, sibishi. Lakini nchi nyingi zinahesabu leseni ya gari na ya pikipiki kuwa vitu viwili, na kibali cha kimataifa cha kuendesha ni tafsiri tu ya leseni uliyo nayo, hakikuongezei daraja. Mwenye duka anaweza kukupa ufunguo bila kuuliza neno. Kampuni ya bima itauliza, na itauliza ukiwa umelazwa hospitali mguu umefungwa plasta. Bima nyingi za safari hazilipi ajali ya pikipiki kwa mtu asiye na leseni yake.

Ajali zenyewe mara nyingi hazina makuu. Mchanga umepeperushwa hadi kwenye kona, au mvua imenyesha dakika kumi, dereva amevaa ndala, anabana breki ya mbele kwa nguvu, tairi linateleza. Jeraha jingine ni la ekzosi. Kwenye skuta nyingi bomba liko kulia, na mgeni anashuka kulia huku kaptula imeacha shavu la mguu wazi. Ngozi inashika bomba, na likizo iliyobaki haogi baharini. Shuka kushoto. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado uani, washa taa, piga picha ya kila mchubuko mbele ya mwenyewe, na helmeti isiyobana kichwa irudishe uletewe nyingine.

Kwa gari ni kifupi: jua upande wa barabara. Visiwa vingi vinaendesha kushoto. Kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani wanaendesha kushoto huku usukani wa magari mengi nao uko kushoto, na hapo hata dereva mzoefu hujichanganya akifika kwenye kipilefti.

Dhana: Basi la wenyeji si la mgeni

Ni lako kama la mwingine yeyote. Rarotonga, Visiwa vya Cook, ina barabara ya kuzunguka kisiwa ya kilomita 32, na basi moja linaizunguka kwa mwelekeo wa saa, jingine kinyume chake. Huwezi kupotea. Unachoweza ni kuachwa, maana visiwani mabasi hulala mapema na Jumapili hupungua. Ukipanda kwenda, mwulize dereva palepale mlangoni gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi, na usimame upande gani wa barabara.