Stata ikilia "wiii", betri haina kosa

Asubuhi za Juni na Julai pale Uyole, Mbeya, baridi ikiwa imekaza, utamsikia bodaboda akibonyeza stata: "wiiii!" Injini kimya. Wenzake kijiweni wana jibu lilelile la miaka yote: betri imeuawa na baridi.

Sivyo. Betri ikichoka, stata huzunguka kwa kujikokota, au unasikia "tik" tu huku taa ikififia. Mlio wa kasi unasema kinyume: umeme upo, mota inazunguka, ila nguvu haifiki kwenye krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Piga kiki. Ikiwaka vizuri, mshukiwa wa kwanza ni klachi ya stata, kile kifaa kinachopeleka nguvu ya mota kwenye krenki.

Kwenye pikipiki nyingi za cc 125 na 150, klachi hiyo iko nyuma ya magneti, lile gurudumu lenye sumaku. Ndani mna rola tatu, kila moja na springi yake. Mzunguko wa upande mmoja zinang'ata, wa upande wa pili zinaachia. Rola zikilika au springi zikichoka, zinateleza. Baridi nayo ina mkono wake, nakubali: oili nzito huzinatisha rola, ndiyo maana mchana tatizo huweza kupotea.

Magneti ing'olewe kwa pula yake (kifaa cha kuivuta), si kwa nyundo (nimeshaona sumaku zikipasuka hivyo). Kagua na kitovu cha gia ya stata: kikiwa kimechimbika, rola mpya peke yake zitateleza tena. Bolti za klachi zitiwe gundi ya kuzuia nyuzi zake zisilegee, gasketi iwe mpya, na oili iwe ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.