Herufi zile zile, matendo tofauti: kusoma mguso wa wayo katika mizunguko ya dansi ya ukumbini

Wachezaji wengi wa dansi za ukumbini huanza kusoma chati za ufundi wakiwa tayari wanajua kucheza, na safu inayowatatiza zaidi ni ile ya mguso wa wayo, yaani safu inayoonyesha ni sehemu gani ya wayo inayobeba uzito katika kila hatua. H ni kisigino. T ni vidole pamoja na ile sehemu nene ya wayo iliyo nyuma yake. Sehemu kubwa ya safu imejengwa kwa herufi hizo mbili tu, na ufupi huo ndio unaozaa utata, kwa kuwa herufi zile zile huandikwa kwa matendo yasiyofanana. Msimamo wangu kama mwalimu ni kwamba safu hii haifai kusomwa peke yake hata siku moja. Ni lazima isomwe sambamba na safu ya kuinuka na kushuka, na ile ya kiasi cha mzunguko, kwa sababu hizo ndizo zinazotueleza ni lini kila herufi inatendeka.

Tuchukue mzunguko wa kulia wa walsi. Kiongozi anaanza akitazama ukuta kwa mshazari, na hatua zake tatu za kwanza zimeandikwa HT, T, TH. Katika hatua ya kwanza mguu wa kulia unakwenda mbele, kisigino kinatua, uzito unapita juu ya wayo mzima, kisha kisigino kinaachana na sakafu mwishoni mwa pigo, wakati mwili unapoanza kuinuka. Hatua ya pili ni ya pembeni, juu ya vidole. Katika hatua ya tatu mguu wa kulia unafungwa kando ya ule wa kushoto, mwili bado ukiwa juu, na ile H ya TH haitokei hadi pigo linapokaribia kwisha. Walsi ya mashindano huchezwa kwa kasi ya baa 28 hadi 30 kwa dakika, kila baa ikiwa na mapigo matatu, kwa hiyo pigo moja ni takriban theluthi mbili za sekunde. Mchezaji anayesoma TH kana kwamba ni vidole na kisigino papo hapo hushuka mapema mno, na hatua ya nne humkuta ameshaishiwa na mwendo.

Sasa tumtazame mwenzi wake katika baa hiyo hiyo. Hatua yake ya kwanza ni ya mguu wa kushoto kwenda nyuma, nayo pia imeandikwa TH. Hapa kisigino hakishuki kwa kuwa mwili unashuka. Kinafika chini kwa sababu uzito unarudi nyuma juu ya wayo, kisha kinabaki hapo. Safu ya kuinuka inasema wazi kwamba mwili unainuka bila wayo kuinuka, maana yake ni kwamba kisigino cha kushoto hakiondoki sakafuni mpaka mguu wa kulia uwe umefika pembeni juu ya vidole. Sababu yake imo katika umbo la mzunguko wenyewe. Mwenzi yuko upande wa ndani na kiongozi analazimika kupita njia ndefu zaidi kumzunguka. Mwenzi akinyanyua kisigino mapema anapoteza mhimili, anaelemea nyuma au anamwangukia kiongozi kifuani, na njia ya kiongozi inazibika.

Kiasi cha mzunguko kinathibitisha jambo hilo. Kiongozi, aliye nje, anageuka robo kati ya hatua ya kwanza na ya pili, kisha thumni moja kati ya ya pili na ya tatu. Mwenzi, aliye ndani, anaweka mguu wake wa pili ukiwa umeshaelekea thumni tatu mbele ya pale ulipoanzia, na mwili wake ndio unaokamilisha kugeuka katika hatua ya tatu. Kisigino kinachobaki chini ndicho kinachompa mahali imara pa kufanyia kazi hiyo. Kuanzia hatua ya nne majukumu yanabadilishana, na kiongozi anayemlaumu mwenzake kwa kuinuka mapema hana budi kukichunguza kisigino chake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo safu hii hailiandiki kabisa. Katika hatua yoyote ya kurudi nyuma, vidole vya mguu uliobaki mbele huachia sakafu na kisigino chake hufuata kikigusa chini. Chati inalichukulia kuwa linajulikana, nami naona ni hasara kubwa kwa wanaojifunza, kwa sababu bila hilo mguu hufuata kwa kuburuta vidole na mzunguko hukwama.

Foksitroti inaipa TH maana ya tatu. Katika mzunguko wa kulia mwenzi anarudi nyuma kwa mguu wa kushoto, TH, kisha mguu wa kulia unavutwa na kufungwa kando yake, HT, katika kile tunachokiita mzunguko wa kisigino. Anayesoma kwa haraka huona H mwanzoni mwa hatua ya pili na kudhani kwamba mchezaji anageuka juu ya kisigino cha kulia. La hasha. Kugeuka kunaanzia kwenye sehemu ya mbele ya wayo wa kushoto na kuendelea juu ya kisigino cha mguu huo huo, ule ulioandikwa katika hatua iliyotangulia, huku wayo wa kulia ukifungwa sambamba nao. Uzito unahamia kulia pale mzunguko unapokaribia kwisha, kisha mwili unainuka, na hapo ndipo T ya HT inapoonekana. Kwa hiyo H ya hatua ya kwanza, ambayo katika walsi ilikuwa nanga tu, hapa ndiyo mhimili wenyewe wa kugeukia. Mvuto wa kisigino wa kiongozi, katika hatua ya tano ya mzunguko huo, una asili hiyo hiyo, ila miguu inaachana badala ya kufungwa na mwili hauinuki.

Mzunguko wa spini katika walsi ndio unaobishaniwa zaidi. Hatua ya nne ya kiongozi, mguu wa kushoto nyuma ukiwa na pivoti ya nusu mzunguko, yaani kugeuka papo hapo juu ya mguu huo mmoja, imeandikwa THT. Wengi huichukua T ya mwisho kuwa amri ya kuinuka juu ya vidole ili wageuke. Safu ya kuinuka inalikataa wazo hilo, kwa kuwa mwili hauanzi kuinuka hadi mwishoni mwa hatua ya tano. T hiyo ni kisigino cha kushoto kikiachia sakafu pale mguu unaposukuma mwili mbele kuelekea hatua ya tano, magoti yakiwa bado yamelegea. Ninapoisahihisha hatua hii huwaomba wawili hao wacheze ya nne na ya tano polepole, bila muziki, nami natazama vichwa vyao badala ya miguu. Kichwa cha kiongozi kikipanda kabla mguu wa kulia haujapokea uzito, basi ameisoma T kama kuinuka, na hatua ya sita haitakuwa na pa kupandia.