Gole la kuku limejaa tangu jana: maswali ya barazani Langoni

Mimi ni mfugaji tu, si daktari wa mifugo. Nilifundishwa kuchanja kuku dhidi ya kideri (ugonjwa wa Newcastle), na hapa mtaani Langoni, Lamu, kazi hiyo imeniangukia. Tone moja jichoni, kuku mwingine. Chanjo yenyewe haichukui muda, ila nikishaketi barazani siondoki, maana kila mwenye kuku ana swali, na siku hizi mengi ni ya gole. Punda wa Lamu wana zahanati yao tangu 1987. Kuku wana sisi. Basi haya ndiyo niliyoulizwa na niliyojibu.

Gole ndiyo firigisi?

Hapana. Kuku hana meno, humeza tu. Akimeza, chakula hushuka kooni na kutua kwenye gole, mfuko laini ulio chini ya shingo, juu ya kidari, umeegemea upande wa kulia wa kuku. Pale chakula hulowa na kungoja zamu. Kisha huingia tumbo dogo lenye asidi, halafu ndipo hufika kwenye firigisi, ule msuli mgumu unaosaga kwa vijiwe alivyomeza. Firigisi mnaijua, ndiyo ile anayowekewa baba. Gole ni lile tunalolitupa tukichinja, ndiyo maana wengi hawalijui hadi liugue.

Kuku wangu ana uvimbe kifuani jioni. Ni ugonjwa?

Jioni si saa ya kuuliza swali hilo. Kuku aliyekula vizuri hulala na gole lililojaa, kubwa kama limau, ukilibonyeza unasikia punje punje. Usiku kucha huliteremsha kidogo kidogo. Kwa hiyo mshike alfajiri, ukirudi kuswali, kabla hujafungua tundu na kabla hajadonoa kitu. Gole la kuku mzima saa hiyo ni tupu, unashika ngozi na manyoya basi. Likiwa bado limejaa, hapo ndipo pana neno.

Na mkono wenyewe utakwambia ni neno gani. Likiwa gumu, kama donge la unga wa chapati ulioachwa ukakauka, kitu kimeziba. Likiwa laini, linacheza kama mfuko wa maji, na mdomo ukinuka kama togwa lililoharibika, limechacha. Fanya mazoea ya kushika magole ya kuku wazima pia, maana asiyejua gole zima linavyokuwa hatajua lililougua.

Ameziba na nini? Mimi simpi kitu kibaya.

Wewe humpi, anajipa mwenyewe. Kuku wetu wanazurura uani na vichochoroni, na mji huu umejaa nyuzi. Nimeona gole lililotolewa uzi wa kiroba uliojiviringa na majani kama kamba. Nimeona mshipi wa nailoni, chane za ukindu kutoka penye msuko wa mikeka, makumbi ya nazi, manyoya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini vipande vya karatasi za biskuti na krispi bado viko kila kona, na kuku haulizi sheria.

Nyasi ndefu nazo hufanya hivyohivyo. Mtu akifungia kuku wiki nzima halafu akawafungulia penye majani marefu makavu, wanameza kwa pupa, nyasi zinajisokota ndani. Kuku akitafuna angezikata, lakini hatafuni. Ukiwapa majani, yakatekate mafupi kama mchicha wa kupika.

Limekuwa gumu na hali kitu. Nianzie wapi?

Mtenge. Mweke kwenye tenga au boksi kivulini, chini pasiwe na majani makavu wala takataka za mbao, la sivyo atazila na kuongezea. Weka gazeti au gunia lisilotoa nyuzi. Mwondolee chakula kwa usiku mmoja, maji mwachie. Usivushe saa 24 bila kumpa kitu, kuku ni mwili mdogo na njaa humwangusha upesi.

Kisha mlainishe. Loweka kipande kidogo cha mkate kwa mafuta ya nazi, kijiko kimoja cha chai kinatosha, umpe ale mwenyewe. Hapa kwetu mafuta ya nazi huwa majimaji karibu mwaka mzima kwa joto, huna haja ya kuyapasha. Akikataa mkate, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, na hapa tafadhali nisikilize. Nyuma kidogo ya ulimi wa kuku kuna tundu dogo linalofunguka na kufumba akipumua. Hiyo ni njia ya mapafu. Kitu kikiingia pale umemzamisha kuku nchi kavu. Mfunge kwenye leso mbawa zisipigepige, mkalishe wima kama alivyo kawaida, tia tone pembeni mwa mdomo, mwache ameze, ndipo utie jingine. Maji ya vuguvugu yafuate vivyo hivyo.

Baada ya hapo msugue gole kwa vidole, polepole, ukilizungusha na kuliminyaminya kama unavyolainisha embe bichi linaloanza kuiva, dakika tano hivi, mara tatu au nne kwa siku. Unataka donge livunjike vipande. Hutaki kulisukuma lirudi kooni. Asubuhi ya pili shika tena. Limepungua? Endelea, na umpe chakula kilaini kidogo kidogo: yai la kuchemsha lililosagwa, pumba iliyolowekwa. Halijapungua baada ya siku mbili? Acha, hiyo imekupita, mwite mtu wa mifugo.

Si ningemshika miguu nikampindua kichwa chini atapike? Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo.

Na mimi nilifanya. Nilikuwa na kuku jike mweusi, mtagaji mzuri, gole limejaa maji yanayonuka. Nikampindua, maji yakamwagika kweli, nikajiona fundi. Jioni alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, kifua kinakoroma, na alfajiri nikamkuta amelala ubavu. Maji yale yaliingia kwenye mapafu, na lile gole pengine lingempa siku kadhaa za kutibiwa. Bibi zetu walijua mengi kuhusu kuku, lakini kwa hili simfuati yeyote. Wako madaktari wanaojua kulimwaga gole kwa mpira maalumu, na hata wao humwinamisha kwa sekunde chache tu. Mwachieni mwenye mkono wake.

Langu ni laini na linanuka. Jirani kanipa kapsuli za rangi mbili.

Mrudishie. Gole lililochacha kwa kawaida ni kazi ya kuvu aitwaye kandida, ndugu wa utando mweupe unaoota midomoni mwa watoto wachanga. Kuvu huyo yumo siku zote, kidogo, na bakteria wazuri ndio wanaomkandamiza. Rangi mbili ni dawa ya kuua bakteria. Ukimpa, unawaondoa walinzi na kumwachia kuvu nyumba nzima. Kuku wengi hupata gole la kuchacha baada ya kunyweshwa dawa za namna hiyo kwa mafua ambayo yangeisha yenyewe.

Fungua mdomo wake uangalie mwangani. Ukiona utando mweupe uliogandamana kama maziwa yaliyokatika, kuvu ndiyo. Dawa yake ni nistatini, na kipimo chake hutegemea uzito wa kuku, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo au mwenye duka la dawa za mifugo anayejua kazi yake. Kumtenga na kumwondolea chakula usiku mmoja ni kama nilivyosema juu.

Halafu tazama chakula chako. Chicha la nazi! Sote tunawapa kuku chicha, na wanalipenda, lakini chicha lililokamuliwa asubuhi likaachwa kwenye kifuu juani, alasiri limeshachacha. Wali uliolala na makoko yaliyolowa ni vivyo hivyo. Wape kiasi watakachomaliza mara moja, kinachobaki kiondoe, na chombo cha maji kisuguliwe kila siku mpaka ule utelezi utoke.

Na mrututu? Na siki? Na mtindi?

Mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, umetumika kwa ufugaji tangu zamani, na vitabu vinautaja, gramu 1 kwa lita 2 za maji. Sasa niambie, nani mtaani ana mizani ya kupima gramu 1? Tunapima kwa kucha. Ukizidi ni sumu, humchoma kuku njia nzima ya chakula, na faida yake yenyewe hata wataalamu wanabishania. Mimi siuweki. Siki kidogo sana kwenye maji haitamuua, lakini usiitie kwenye chombo cha bati, itakula bati na kuku atakunywa bati. Haitoshi kuwa dawa. Mtindi kijiko kimoja sawa, ukijua tumbo la kuku halikuumbwa kwa maziwa na ukizidisha ataharisha.

Ni kweli mchele mkavu huvimba ukapasua gole?

Si kweli. Kuku anakula nafaka kavu tangu kuumbwa.

Gole la jogoo wangu linaning'inia kama mfuko, lakini anakula.

Hilo limelegea. Misuli yake ilivutwa siku nyingi ikashindwa kurudi, labda kwa kuziba zamani, labda kwa kunywa maji mengi mno siku za kaskazi, labda ni asili ya ukoo wao. Halirudi. Mlishe kidogo mara nyingi, asiletewe majani, mwangalie kila alfajiri lisije likachacha. Wako wanaomshonea kuku sidiria ya kitambaa ya kulinyanyulia. Msicheke, inasaidia kidogo, mradi isimbane pumzi. Lakini usimzalishe huyo.

Wangu wanne wameamka hivyo wote, magole yamejaa, wanasinzia.

Basi acha kusoma habari za magole. Kuziba kwa kawaida humpata mmoja. Wakiwa wengi kwa siku moja, fikiria kideri kwanza: kinyesi cha kijani, kuhema, shingo kupinda, vifo vinavyofuatana. Gole hujaa kwa sababu mwili mzima umesimama. Tenga wagonjwa, usiuze wala usimpelekee mtu hata mmoja, na toa habari ofisi ya mifugo ya kaunti. Waliokwisha kuugua chanjo haiwafai, ndiyo maana nawasumbua kila baada ya miezi mitatu, minne.

Kama si kideri, uliza walikula nini. Matumbo ya samaki yaliyooza na funza wake huweza kuleta sumu inayolegeza shingo hadi kuku hawezi kuinua kichwa. Maji ya chumvi ya ng'onda (samaki waliokaushwa) huwapa kiu kali, wanakunywa wanakunywa mpaka gole linakuwa mtungi. Taka za samaki zifukieni.

Kijana wangu mvuvi anatengenezea nyavu uani. Kuna ubaya?

Upo, na huu unawahusu na watoto, si kuku peke yao. Machubwi, vile vizito vya nyavu na mishipi, hutengenezwa kwa madini ya risasi. Kuku akiona kipande kinang'aa hukimeza akidhani kijiwe. Kinakaa kwenye firigisi, asidi inakilamba polepole, sumu inaingia damuni na kuharibu neva. Gole husimama, kuku anakonda, mbawa zinashuka, na unaweza kusugua kwa mafuta ya nazi mwezi mzima bila faida. Risasi hiyo huingia hadi kwenye yai, na kwa mtoto mdogo risasi hudhuru ubongo. Ukishuku kuku amemeza chubwi, mayai yake msiyale. Na kijana ahamie ufuoni na nyavu zake, au afagie kabla kuku hawajafunguliwa.

Makombe ya pwani yanatosha kuwa changarawe?

Kwa ganda la yai yanafaa sana. Kwa kusaga hayafai, kwa sababu makombe na matumbawe ni chokaa, huyeyuka kwenye asidi ya tumbo. Firigisi inataka jiwe gumu lisiloyeyuka, punje kama za mtama. Ukipata kokoto ndogo za jiwe la bara zilizobaki penye ujenzi, zichekeche, zioshe, ziweke kwenye kibuyu chake peke yake, wachukue watakavyo.

Nasikia wapo wanaopasua gole kwa wembe na kulishona kwa uzi.

Wapo, na daktari wa mifugo hufanya upasuaji huo akiwa na ganzi na vyombo visafi, na kuku wengi hupona. Bila ganzi, kwa wembe wa dukani, ni ukatili. Iwapo daktari hapatikani na kuku anateseka, kumchinja ni huruma zaidi.

Tukimchinja, analika?

Kama ni kuziba kwa majani tu, hana homa, hajapewa dawa, na mmemuwahi angali hai, nyama yake inalika. Gole na matumbo yatupwe, na mikono na ubao wa kukatia vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari. Alipewa dawa? Ngojeni siku zilizoandikwa kwenye chupa. Amekula chubwi, au ni mmoja wa wengi walioangukiana? Mfukieni kwenye shimo refu, paka wa Lamu wasimfikie.