Supra: meza yenye mshereheshaji

Ukizunguka Kakheti, mkoa wa mizabibu mashariki mwa Georgia (ile ya milima ya Kaukasi, si jimbo la Marekani), huenda ukaalikwa supra. Neno lenyewe maana yake ni kitambaa cha meza. Msomaji aliyeko Muscat atalitambua upesi, kwani ni ndugu wa sufra ya Kiarabu. Ila Wageorgia wakisema supra wanakusudia karamu nzima, na karamu hiyo ina kiongozi wake, tamada.

Tamada ni kama mshereheshaji wa harusi zetu, tofauti ni kwamba huyu lazima anywe na asilewe. Ndiye anayeamua mnywe kwa ajili ya nini: amani, nchi, wazazi, waliotangulia mbele ya haki, watoto. Husema yake, wakati mwingine kwa dakika kadhaa, wengine huongezea, kisha glasi huinuliwa kwa sauti ya "gaumarjos!", neno lenye mzizi wa ushindi. Kabla ya hapo hunywi. Mgeni aliyezoea kuonja mvinyo kidogo kidogo hukosea papo hapo, japo kwa kawaida husamehewa. Kula, lakini, kula utakavyo.

Chakula nacho hakiji kwa zamu. Meza ikijaa, sahani hupandishwa juu ya sahani. Jozi zimo karibu kila mahali (zile kokwa za kula, si za viatu): zimesagwa na kitunguu saumu zikafungwa ndani ya bilinganya za kukaanga, zimepondwa na mboga za majani zikawa pkhali, zimetungwa uzini na kuchovywa kwenye uji mzito wa maji ya zabibu zikawa churchkhela. Mtsvadi ni mishkaki, na huku huchomwa kwa makaa ya matawi ya mizabibu yaliyopogolewa. Mkate wa shoti hubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, kama mofa.

Mvinyo hutoka kwenye qvevri, mtungi wa udongo uliofukiwa ardhini hadi mdomoni. Hata zabibu nyeupe huachwa humo na maganda yake kwa miezi, ndiyo maana mvinyo wake una rangi ya kaharabu. UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2013.

Tamada akikutazama na kusema "alaverdi", zamu ni yako. Usianzishe mada mpya. Kama yeye alizungumzia akina mama, nawe mtaje mama yako, ndipo unywe.