Nairobi hadi New York: saa saba za tiketi, saa 15 za angani

Dadangu alinipigia simu Januari, tiketi ya mwanawe mkononi. "Anaondoka saa tano usiku, anafika saa kumi na mbili asubuhi. Kumbe Marekani ni saa saba tu?" Mimi hupanga safari za ndege, na swali hili nalijibu karibu kila mwezi.

Tuanze na umbali. Chukua tufe la dunia na kipande cha uzi. Bana ncha moja kwenye Nairobi, vuta nyingine hadi New York mpaka uzi ukaze. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Nigeria na Mali. Uzi haupiti huko. Unapanda Sudan Kusini, Chad, Algeria na Moroko, unaingia Atlantiki, kisha unateremka kidogo ukikaribia New York. Njia ya uzi ni kama kilomita 11,840. Ya rula inakaribia 12,200. Kilomita hizo 350 na ushei ni zaidi ya dakika ishirini angani, na mafuta yake.

Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, unapata saa 13 na dakika chache. Ila Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, ratiba ilikuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha mita 10,000 hivi, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda New York unapigana nao kama mtumbwi unaopanda mto, ukirudi unakusukuma. Upepo wa kilomita 50 tu kwa saa ukikukabili njia nzima hukula zaidi ya dakika arobaini. Ndiyo maana kuna siku tunachagua njia ndefu kwa kilomita lakini fupi kwa saa, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu ya kazi hii.

Tena, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea maegeshoni hadi inaposimama kule, kwa hiyo foleni ya kuruka na ya kutua zimo ndani yake.

Kuondoka usiku nako kuna faida. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu. Baridi ya usiku huongeza uzito wa hewa, na ndege iliyojaa mafuta huihitaji.

Zilizobaki ni hesabu za saa. Januari, Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane. Wamarekani wakisogeza saa zao Machi, zinakuwa saba. Saba za tiketi ukijumlisha nane, ni 15.

"Basi lala, dada," nikamwambia. "Atatua saa nane mchana kwa saa yako, na foleni ya uhamiaji ni ndefu. Simu yake itegemee saa tisa."