Dhana Potofu Kuhusu Maandalizi ya Mtihani wa NEET MDS, na Ukweli Wake

Nchini India, daktari wa meno mwenye shahada ya kwanza, BDS, anayetaka kusomea uzamili hana budi kufanya mtihani wa NEET MDS. Maswali ni 240 na muda ni saa 3, yaani sekunde 45 kwa kila swali, kwa hiyo haishangazi kwamba watahiniwa wengi huingia ukumbini wakiwa wamesheheni tarakimu kichwani.

Dhana: Ukishaikariri tarakimu, umemaliza kazi.

Ukweli: Tarakimu isiyo na sharti lake ni mtego. Kila mtahiniwa anajua kwamba jino huanza kuyeyuka kwa asidi pH (kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyokuwa kali) ikishuka hadi 5.5, lakini kiwango hicho ni cha enameli, tabaka gumu la nje la jino, ambayo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina takriban asilimia 70 tu, tena fuwele zake ni ndogo zaidi, hivyo huanza kupoteza madini asidi ikiwa bado hafifu, kwenye pH ya takriban 6.2 hadi 6.7. Swali likimhusu mzee ambaye fizi zake zimeshuka na mizizi ya meno, ambayo ina dentini lakini haina enameli, imebaki wazi, aliyekariri 5.5 kikasuku atajibu bila kusita, na atakosa. Aliyeelewa sababu, hata tarakimu ya pili ikimponyoka, anajua kwamba ni lazima iwe juu ya ile ya kwanza.

Dhana: Kiwango cha juu cha lignokeini, dawa ya ganzi, ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa.

Ukweli: Hicho ni kiwango cha mtu mzima pale ganzi inapochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu na kuchelewesha dawa kusambaa mwilini; bila adrenalini, vitabu vingi hutaja 4.4. Kwa watoto, mwongozo wa madaktari wa meno ya watoto wa Marekani hushikilia 4.4 hata adrenalini ikiwemo. Katriji, yaani kichupa cha ganzi cha kupachikwa kwenye sindano, ya mililita 1.8 ya lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 36, kwa kuwa kila mililita ina miligramu 20. Mtoto wa kilo 20 basi haruhusiwi kuzidi miligramu 88: katriji mbili ni 72, ya tatu inafikisha 108. Binafsi naona hesabu hii ifanywe kwa kalamu na karatasi, si kwa kuisoma tu, maana itamfuata daktari hadi kwenye kiti cha mgonjwa.

Dhana: Masomo ya miaka ya mwanzo yanaweza kuachwa.

Ukweli: Sehemu A ya mtihani, inayobeba anatomia, fiziolojia, biokemia, famakolojia na mengineyo ya msingi, ina maswali 100.

Dhana: Usilolijua liache wazi, kwa sababu jibu baya hukatwa alama.

Ukweli: Jibu sahihi huleta alama 4, baya hukata 1, na machaguo ni manne. Anayebahatisha maswali 16 kwa upofu hutarajiwa kupata manne na kukosa 12, akabaki na alama 4. Lakini kama katika kila moja ya hayo 16 ameweza kuondoa machaguo mawili, hutarajiwa kupata manane, na alama zinazobaki ni 24.